Mikono Iliyopita Juu ya Mguu Wangu

Kama unasoma haya ukiwa kitandani, kidonda chako kimegoma kufunga na kila anayekuja kukuona anatikisa kichwa akidhani humwoni, basi nakuandikia wewe. Mimi nimeshatoka huko. Mguu wangu wa kulia ninao, uko chini ya meza hii ninayoandikia, umekonda na una kovu refu, lakini ni wangu na unanibeba. Habari za dawa sitakueleza kwa sababu sizijui. Nitakueleza nilivyokaa, nilivyokasirika, nilivyokosea, na jinsi nilivyotoka salama.

Jina langu Twaha. Ni mwalimu wa madrasa hapa Wandegeya, nyuma ya soko. Kampala ukisema "Mwalimu" kwa Mwislamu, watu wanajua ni wa Kurani, si wa hesabu. Babu wa babu yangu alikuja na biashara kutoka pwani, akaoa, akabaki, na sisi wajukuu tumebakiwa na maduka mawili matatu, chuo cha watoto, yaani hiyo madrasa, na Kiswahili ambacho majirani wanatucheka nacho, eti tunaomba chumvi kama tunasoma hotuba ya Ijumaa. Nina miaka hamsini na sita. Mke wangu ni Salma. Binti yetu wa mwisho, Nuru, anafanya kazi kwenye duka la uchapaji, kule wanakokimbilia wanafunzi wa chuo kikuu wakati kazi zao zinatakiwa leo na hawajazimaliza.

Mguu ulivunjika mwezi wa Septemba, mvua zilipoanza. Nilikuwa navuka barabara natoka sala ya adhuhuri, pikipiki ikateleza kwenye tope, ikanijia ubavuni. Mfupa wa muundi ulivunjika ukachomoza nje ya ngozi. Niliuona kwa macho yangu, mweupe, na jambo la kwanza nililofikiri ni kwamba kanzu itaharibika. Hospitali walinipasua siku ileile, wakatia chuma, wakashona. Daktari, kijana Mganda mpole mwenye miwani, akaniambia baada ya wiki mbili nitakuwa nyumbani. Nikamwambia Salma awaambie wazazi wa watoto kwamba chuo kitafungwa siku kidogo tu.

Wadi yetu ya mifupa ilikuwa ghorofa ya pili. Kama hujawahi kulazwa huku kwetu, ujue kwamba chini ya kila kitanda kuna mkeka, na juu ya mkeka kuna mtu wa mgonjwa. Nesi ni mmoja au wawili kwa wadi nzima, basi kukuosha, kukulisha, kumwaga beseni, kukimbia kununua glavu zilizoisha, hayo yote ni ya mtu wako. Mtu wangu alikuwa Salma. Alihamia na mkeka wake, jiko dogo la mkaa aliliacha nje pamoja na ya wenzake, na siku ya tatu tu alikuwa anajua majina ya wagonjwa wote na magonjwa ya mama zao.

Kitanda cha saba kilikuwa changu. Cha nane alilala Odongo, mpakuzi wa mizigo kule Port Bell, bandari ya ziwani. Kipande cha chuma kilimwangukia mguuni wakati wanashusha mzigo wa behewa, kikamsaga vidole. Kwao mbali, kaskazini, na hakuwa na mtu chini ya kitanda. Salma hakungoja kuambiwa. Uji wangu akaugawa mara mbili, beseni la Odongo akalimwaga pamoja na langu, na bandeji za Odongo zilizolowa akazikusanya akazipeleka kwenye pipa.

Wageni nao walikuja. Siku ya Ijumaa, baada ya sala, walipanda ngazi wazazi ishirini, thelathini. Kwetu mwalimu hasalimiwi kwa mbali. Unaupokea mkono wake, unaubusu, mwenye mapenzi zaidi anaupitisha na kwenye paji la uso. Baada ya hapo hakuna mtu muungwana wa Kampala anayeweza kumsalimia mgonjwa wake akageuka akaondoka. Ni kiburi. Kwa hiyo kila mmoja alizunguka wadi nzima, kitanda hadi kitanda, anatoa mkono na pole, pole sana, Mungu akuponye. Nilikuwa nawatazama nikijisikia fahari kwamba watu wangu wana adabu.

Na mimi nilikuwa na mzunguko wangu. Ulianza na Odongo. Asubuhi moja alinigeukia akasema, "Mwalimu, mimi ni Mkristo, lakini Mungu ni huyo mmoja. Na mimi niombee." Nikajisogeza hadi kwake, nikamshika mguu, nikamsomea, nikampulizia. Kesho yake wa kitanda cha sita naye akataka. Nilipopewa kiti cha magurudumu ikawa ndiyo kazi yangu ya kila siku baada ya alasiri: nawashika wagonjwa vichwa, nawashika pale panapouma, nasoma, napuliza. Nikimaliza narudi kwangu, najisomea mwenyewe, napuliza viganja, napangusa mguu. Nikiri kitu hapa, kwa sababu nimeahidi kukueleza nilivyokosea. Nilikuwa napenda. Mtu aliyelala akioshwa kama mtoto mchanga anatamani sana kuwa na faida kwa mtu.

Bandeji ya kwanza walipoifungua, kidonda kilikuwa kikavu. Ya pili kadhalika. Ya tatu Sista Akello alipoifungua alinyamaza. Huyu alikuwa nesi mkuu wa wadi, mama wa Kiacholi mfupi mnene, aliyezaliwa na kukulia baraki, kambini kwa wanajeshi, na Kiswahili chake kilikuwa cha askari. Nilimjua ni msemaji, hivyo ukimya wake ukanitisha. Ngozi pembeni ya nyuzi ilikuwa nyekundu inayong'aa, na kati ya uzi na uzi palitoka maji ya manjano. Harufu ikaja baadaye. Sijui nikuelezeeje harufu ya mwili wako mwenyewe unapooza. Nilikuwa nageuza uso kwenye ukuta, na ilikuwa inanifuata.

Homa ikapanda. Nywele za mguu zikapukutika, kucha zikawa za kijivu, ndevu zangu nilizozitunza miaka thelathini zikaanza kubaki kwenye mto. Wakanirudisha chumba cha upasuaji, wakafungua nyuzi, wakaosha, wakaacha kidonda wazi. Usaha wakaupeleka maabara. Karatasi iliporudi, daktari alivuta kiti akakaa, na daktari wa serikali akikaa ujue kuna jambo.

"Mwarimu," alisema, maana kwake herufi ya l ilikuwa inakuja na kuondoka ipendavyo, "hii ni bakteria ya hosipitari. Dawa ya kawaida haiiwezi. Nakupa dripu ya nguvu, wiki tatu. Tukiona imeingia mfupa, sitakudanganya. Tutakata chini ya goti."

Salma alishika chuma cha kitanda. Mimi nilimshukuru daktari, nikamwuliza habari za nyumbani kwake. Alipoondoka nilijifunika shuka usoni nikalia. Niliogopa, sina neno lingine. Mwalimu wa madrasa anafundishia chini, kwenye mkeka, amekunja miguu, watoto wamemzunguka. Nilijiona nimewekwa kwenye kiti kama pambo la harusi, watoto wananitazama kisigino kisichokuwepo. Nilijiona msikitini, wenzangu wanasujudu, mimi naangalia migongo yao.

Woga wangu ukageuka hasira upesi sana. Kama ni bakteria wa hospitali, basi kuna mtu wa hospitali aliyenipa. Nikaanza kazi ya upelelezi. Nilikuwa nimelala tu lakini macho yangu hayakutoka kwenye mikono ya watu. Daktari nilimwona amegusa kitanda cha tano, cha sita, akanijia na glavu zilezile. Wanafunzi wake walikuwa wakipita mlangoni wanabonyeza chupa ya sanitaiza iliyokauka tangu siku niliyoingia, kisha wanasugua viganja vikavu kwa bidii kabisa. Sinki la wadi bomba lake lilikuwa linakohoa hewa siku tatu kati ya saba. Nilimkemea mfagizi. Nilimkemea mwanafunzi wa udaktari mpaka akadondosha kalamu. Daktari mwenyewe nilimwambia mbele ya kundi lake, "Mwanangu, unajua kunawa au nikufundishe?" Na katika hayo sikusema uongo. Hospitali ilikuwa na makosa yake, na mpaka leo nasema mgonjwa ana haki ya kumwuliza anayemgusa kama amenawa.

Lakini hasira haikuishia hapo. Ijumaa moja, wageni wamejaa, Salma alitoka kumwaga beseni la Odongo, akarudi, akainama kunirekebishia mto. Nikamshika kifundo cha mkono, nikamsukuma.

"Ni mikono yako hiyo!" nilisema, na sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyokusudia. "Unatoka kwa huyu unakuja kwangu. Mguu huu ukikatwa, ujue ni wewe."

Wadi yote ilisikia. Odongo alisikia, akajifanya amelala. Salma alikaa chini akakunja mkeka wake pole pole, akawaambia wageni, "Karibuni tena," akaenda nyumbani. Ndoa ya miaka thelathini na mbili, na sikuwahi kumwona akiondoka bila kuniambia anakokwenda.

Siku mbili alikuja Nuru peke yake. Ya tatu Salma alirudi na kasha la glavu kutoka duka la dawa. Tangu siku hiyo hakunigusa bila glavu. Chai alinipa na glavu. Kijiko, na glavu. Mimi nilijaribu kumchekesha, nikamwuliza kama anakwenda kuchimba mitaro. Akaniangalia.

"Sitaki kukuua, baba Nuru," alisema, na hakuwa na hasira hata kidogo. Hiyo ndiyo iliyoniuma.

Nuru naye alikuja na dawa yake. Alichapa kazini karatasi kubwa, akaifunika plastiki, akaibandika ukutani juu ya kichwa changu kwa lugha tatu: TAFADHALI USIMPE MWALIMU MKONO. Nyumbani pakawaka moto. Shangazi zake walisema amemfanya baba yake mwenye ukoma. Mzazi mmoja wa chuo alisoma tangazo, akakohoa, akageuka akatelemka ngazi bila hata kutoa salamu. Salma alimtetea mwanawe, nami nilisema tangazo libaki. Halafu mzee yeyote aliponijia na macho ya huzuni, nilikuwa nampa mkono kwa chini, pembeni ya shuka, Nuru asione. Ndivyo nilivyokuwa mkaguzi.

Wiki ya kwanza ya dripu ikaisha, usaha ukiwa palepale.

Alasiri moja nilimaliza mzunguko wangu wa kuomba, nikarudi kitandani, nikajisomea. Siku hizo nilikuwa na desturi nyingine ambayo sikumwambia mtu. Niliona dua inapita juu ya bandeji, haifiki. Basi baada ya kupuliza viganja nilikuwa natia vidole viwili chini ya bandeji, polepole, nagusa ngozi karibu na kidonda. Niliinua macho nikamkuta Sista Akello amesimama kwenye ncha ya kitanda, mikono kiunoni.

"Shehe," alisema, "leo mimi nakufuata nyuma tangu kitanda ya kwanza. Wewe hukuniona."

Nikamwambia karibu.

"Umeshika kichwa ya yule ya kitanda ya tatu. Umeshika mguu ya Odongo, pale pale penye bandeji imelowa. Halafu umekuja hapa, umeingiza kidole kwa kidonda yako. Wewe nakagua mkono ya kila mtu kwa hii wadi, mpaka daktari nakuogopa. Sasa niambie. Kati ya hapo uliosha mara ngapi?"

"Nina udhu, Sista."

"Udhu ya maji?"

Bomba halikuwa na maji tangu juzi. Mwislamu akikosa maji, au maji yakimdhuru, ana ruhusa ya kutayamamu: anapiga viganja kwenye udongo safi au jiwe, anapaka uso na mikono, anasali. Nuru alikuwa ameniletea jiwe bapa kutoka uani kwetu, nililiweka kwenye kabati dogo la pembeni, na nilikuwa nalitumia kila sala. Hilo ni halali na silijutii. Kosa langu ni kwamba nilijisikia safi. Nilikuwa safi kwa sala, nikadhani ni safi kwa mguu wa Odongo na kwa mguu wangu. Miaka thelathini nawafundisha watoto kwamba kutwaharisha ni kitu kimoja na kusafisha ni kitu kingine, na sura ya kitabu naijua. Mtoto wa miaka tisa angenijibu vizuri.

Sista alilitazama jiwe. "Kwa baraki tulikaa na Waislamu mlango kwa mlango. Hiyo jiwe naijua, sitaingilia. Hiyo ni mambo yako na Mungu. Lakini kidonda inataka maji na sabuni, Shehe, haijui ingine." Akavuta kiti, naye akakaa, nami nikakumbuka daktari alivyokaa. "Karatasi ya maabara ya Odongo ilirudi jana. Dudu yake na dudu yako ni moja."

Nikamwuliza, "Nani alimpa mwenzake?"

"Hakuna mtu najua. Pengine wewe. Pengine daktari na hizo glavu zake. Pengine ni mimi, ile siku nilibaki peke yangu na wagonjwa ishirini na maji hakuna." Alisema hivyo bila kujitetea, kama mtu anayetaja saa. "Mama watoto ndiye nilimwona anaosha. Kila akimwaga ile beseni anashuka chini kwa tangi, na sabuni yake ndani ya kitambaa. Ghorofa mbili. Sasa mimi sitafuti mwenye kosa. Nataka iache tu."

Salma alikuwa nje kwenye jiko wakati huo. Nilikaa nikitazama mikono yangu, na nakwambia, sijawahi kuona aibu kama ile. Nilianza na Odongo kwa sababu alikuwa karibu. Nilimwambia yote, kwamba huenda nimemzidishia ugonjwa, anisamehe. Odongo akacheka mpaka kitanda kikalia.

"Mwalimu, si ni mimi nilikuita? Sasa nitakushtaki kwa nani? Omba tu. Lakini tuoshe."

Kwa Salma ilikuwa ngumu zaidi. Alipoingia na chai nilimwambia aweke kikombe chini anisikilize. Nilimwambia nilichofanya na vidole vyangu, nikamwambia alichosema Sista kuhusu tangi na sabuni, nikamwambia nilimkosea mbele za watu na nitamwomba radhi mbele za watu. Ijumaa iliyofuata nilifanya hivyo, sauti ileile kubwa. Yeye alisema, "Nimesikia." Glavu hakuvua.

Tukaanza upya. Kwa wageni nilitoa amri moja ya kiualimu: anayetaka kunibusu mkono, badala yake apande na jerikani la maji. Niliwajua watu wangu. Ukiwaambia wasifanye kitu wananuna, ukiwapa kitu cha kufanya wanashindana. Ijumaa hiyo ngazi zilijaa wazee wenye kanzu na kofia, wanatweta, kila mmoja na jerikani lake la njano. Tukaweka mlangoni ndoo yenye bomba, beseni chini, na sabuni ya mche ndani ya wavu wa vitunguu uliofungwa kwenye komeo, maana sabuni isiyofungwa huondoka na wageni. Mimi na kiti changu tulikaa hapo hapo. Tangazo la Nuru likahamia mlangoni, akaongeza mstari: NAWA UKIINGIA, NAWA UKITOKA, NA KATI YA KITANDA NA KITANDA.

Wapo waliokataa. Mama mmoja aliniambia hajaja hospitali kufundishwa kuoga. Daktari alifika siku ya kwanza, akaniona, akasimama. "Mwarimu, na mimi?" Nikamwonyesha sabuni kwa kidole. Akanawa mpaka kwenye viwiko, akaniinulia mikono niikague, wanafunzi wake nyuma yake wakajipanga mstari. Tangu siku ile tulikuwa marafiki, na glavu alikuwa anabadilisha akiwa ananitazama mimi. Uongozi nao ukajaza chupa ya mlangoni, sijui kwa aibu au kwa sababu nyingine.

Dua sikuacha, asije mtu akasema nilikatazwa. Nilikuwa naomba kwa mgonjwa, narudi kwenye ndoo, nanawa, naenda kwa mwingine. Ilichukua muda mrefu, magurudumu yananguruma kwenda na kurudi, na wagonjwa wa mwisho wakawa wanalalamika kwamba nawafikia magharibi inaadhiniwa. Bandeji yangu sikuigusa tena.

Siwezi kukwambia kwamba sabuni ndiyo iliyonitibu. Dripu ndiyo iliyopigana, na ilinipiga na mimi pia: kinywa kilikuwa na ladha ya sarafu, tumbo halitulii. Huo ulikuwa msimu wa senene, wale panzi wa kijani wanaoliwa. Chini ya dirisha letu wanawake walikaa wakiwakwanyua mabawa na miguu, wanawakaanga na vitunguu, na harufu inapanda mpaka ghorofa ya pili. Mwaka mzima hungoja senene, na mwaka ule niliziba pua. Odongo alikula fungu lake na langu. Vidole vyake viwili walivikata, lakini unyayo ukapona, na mwisho wa Novemba aliondoka na fimbo mkononi, wadi nzima ikampigia makofi. Aliniaga kwa mkono ulioinuliwa hewani, umetoka kunawa, unadondosha maji.

Bandeji ya kumi na moja, maji ya manjano yalipungua. Ya kumi na nne, Sista aliinusa kama mtu anayenunua nyama, akasema, "Hm." Ya kumi na sita ilitoka na damu nyekundu safi, akaita wanafunzi waje waone. Siku ya kuamua walinipiga eksirei, daktari akaiinua kwenye mwanga wa dirisha, akaitazama muda mrefu ambao si haki kumfanyia binadamu. Salma alikuwa upande wa pili wa kitanda na glavu zake.

"Haijaingia," daktari alisema. "Mfupa ni safi. Mguu inabaki."

Nilitaka kusema neno la shukrani, likatoka Kiarabu, likatoka Kiganda, sijui lilitoka nini. Nilimshika daktari nikamkumbatia na miwani yake. Nuru alilia kwa sauti. Salma alikaa kwenye mkeka, akaficha uso magotini, mabega yakawa yanatikisika.

Desemba walinirudisha nyumbani, lakini hospitali haikuacha kunidai. Januari na Februari, jua kali, nilikuwa kwenye benchi la wagonjwa wa nje kila Jumatatu na Alhamisi. Benchi hilo nimelijua kuliko ndugu zangu. Lina msumari kushoto. Ukiwahi saa moja asubuhi unapata kivuli, ukichelewa unakaa juani na mguu umenyooshwa watu wanauruka. Ramadhani iliingia na mimi kwenye vidonge, sikufunga, nikawa nakunywa maji chumbani kama mwizi ingawa ruhusa ninayo. Nyumbani Salma alikuwa ananihudumia kwa wema wote, ananipikia, ananicheka nikijikwaa na magongo, na bado, mguu ukitaka kuinuliwa juu ya mto, anakwenda kutafuta glavu. Mara mbili nilimwambia aache. Mara mbili alisema akishaambiwa na Sista kwamba kidonda kimefunga, ataacha. Nikaona sina haki ya kumharakisha.

Baada ya Idi, mvua za masika zikiwa zimeanza, tulikwenda kwa mara ya mwisho. Sista Akello alikata bandeji kwa mkasi, akaitupa, na hakuchukua nyingine. Alibonyeza kovu mwanzo mpaka mwisho. Hakuna kilichotoka. Akasema nivae kanzu yangu niende zangu, kuna watu wanaougua kweli wanangoja.

Mguu ule ulikuwa haujaona hewa kwa miezi saba. Ulikuwa mwembamba, umepauka, ngozi inabanduka kama karatasi. Nilibaki nimekaa kwenye kitanda cha kufungia vidonda nikiutazama. Salma alimwuliza Sista, "Imefunga kabisa?"

"Kabisa, mama."

Akaenda kwenye sinki. Siku hiyo bomba lilikuwa na maji. Alinawa taratibu, akajikausha na upande wa khanga, akarudi akasimama mbele yangu. Aliweka kiganja chake juu ya kovu, kitupu, akakiacha hapo. Kilikuwa baridi kwa maji.

"Mbona umekuwa hivi, baba Nuru," alisema. "Kama mguu wa kuku wa kienyeji."

Nilicheka mpaka machozi yakanitoka. Sista alituambia mara ya pili kwamba kuna watu wanangoja, na Salma akamwambia wangoje kidogo.